Sori ya Firigisi

"Lenah, firigisi iko wapi?"

Wepukhulu alikuwa ameshachakura sufuria yote kwa mwiko, kama mtu aliyeangusha shilingi kwa mtaro.

"Haikuwa," Lenah akajibu. Alikuwa amekaa kitandani, viatu bado miguuni. Kutwa nzima alikuwa Kawangware akifulia watu nguo, kisha akatembea mpaka mtaa wa Raila, huku Kibera, beseni kichwani na kuku ndani ya beseni.

"Haikuwa? Kuku gani anatembea duniani bila firigisi?"

"Nilipewa na Mama Tracy akiwa ameshachinjwa na kuoshwa. Sori, basi. Kula tulale."

"Ni mwanaume gani alikula?"

Sasa wewe, kama si Mluhya, usicheke bado. Kwao Bungoma firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akipakua kuku bila firigisi, amemtangazia mumewe kwamba mahali fulani kuna mwenye nyumba mwingine. Watu wamerudishwa kwao kwa sababu ya kipande kisichojaza kijiko.

"Wepukhulu, nimefua mashuka mpaka vidole vimekunjamana. Huyo mwanaume ningemtolea nguvu wapi?"

"Jibu swali."

Lenah aliinuka, akachukua lile beseni, akatupa ndani leso mbili na rinda la kanisa.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Trizah, Kawangware. Ni karibu na kazi. Angalau miguu itapumzika."

Mlango ukafungwa. Wepukhulu alikataa kumla huyo kuku kwa hasira, halafu akamla kwa njaa.

Yeye ni fundi wa vitanda. Wiki hiyo alipigilia vitanda vya watu wawili wawili, akirudi jioni kwa kitanda cha mtu mmoja, chai ya rangi na mkate mkavu. Mwishowe akapanga foleni kwa kibanda cha simu, sarafu zikimtoa jasho mkononi. Mama Tracy, jina lake halisi Gathoni, ni mzaliwa wa Kawangware, mmoja wa wale Lenah huwafulia, mwenye ploti ya kupangisha na mwenye simu ya nyumbani.

"Haloo? Ni Mama Tracy?"

"Sori?"

Sikio moja la mama huyo limestaafu. Kwake neno hilo maana yake ni rudia.

"NI WEPUKHULU! BWANA YA LENAH!"

"Aaa, wa Lenah! Nilisikia mmekosana. Sori, kijana yangu."

Hapo sasa alimaanisha pole.

"Mathe, nilitaka kuuliza. Ile kuku ulimpea... firigisi yake alikula nani?"

"Sori?"

"FIRIGISI! NI NANI ALIKULA FIRIGISI?"

Foleni nzima ikageuka. Hata muuza njugu akasimama.

"Paka," Mama Tracy akasema. "Hapa kwangu vitu vya tumbo huwa tunapea paka. Kwani mlikuwa mnaitaka?"

Simu ikameza sarafu ya mwisho, ikakata.

"Sori, mzee," akasema kijana mmoja wa tai aliyekuwa nyuma yake, akimsogeza kando kwa bega. Hiyo ilikuwa ya toka hapo. "Wengine wetu tunapigia watu, si paka."

Jumapili Wepukhulu akatokea kwa ploti ya Mama Tracy na jogoo kwapani. Trizah, rafiki wa Lenah na mpangaji wa hapo, alikuwa akianika nguo; ndiye aliyemwona kwanza.

"Niaje, shemeji! Leo umeleta mwenzako?"

Lenah alikuwa kwa mfereji, ameinama, povu mpaka viwiko. Juu ya ukuta paka alikuwa amejilaza, akimwangalia Wepukhulu kama mtu aliyelipa mahari.

"Lenah. Sori."

Hakuinua kichwa. "Gani?"

"Sori tu."

"Mtu akinikanyaga hapa kwa mfereji, sori. Trizah akifiwa, sori. Mama Tracy asiposikia, sori. Mimi siku ile nilikwambia sori, nikimaanisha nimechoka. Yako ni gani?"

Wepukhulu akahamisha jogoo kwapa lingine.

"Ni... ile ya paka."

Trizah akacheka mpaka akaangusha shuka kwa matope.

"Mimi sicheki," Lenah akasema. "Uliniita malaya."

"Sikutaja malaya!"

"Ulisema mwanaume gani. Ni hiyo hiyo, umeivalisha koti."

Wepukhulu akaomba kisu. Akachinja, akanyonyoa, akawasha jiko la Trizah hapo nje, wanaume wa ploti wakitoka mmoja mmoja kuona maajabu. Ugali wake ulikuwa na mabonge. Akapakua sahani ya kwanza, akaweka firigisi juu, akaipeleka kwa Lenah kwa mikono miwili.

"Wewe!" Trizah akaruka. "Umerogwa? Kwetu mwanamke halambi hiyo! Wazee wakisikia?"

"Wazee wako Bungoma," Wepukhulu akasema, macho chini. "Mwenye nyumba ako hapa. Tangu atoke, hakuna nyumba."

Lenah akaangalia kile kipande, akakitia mdomoni. Akatafuna. Ploti nzima ikingoja. Akatafuna tena.

"Ni ngumu kama tairi. Na hujaweka chumvi."

"Sori."

"Hiyo ya chumvi nimeichukua."

"Na ile ingine?"

"Nyamaza, natafuna."

Akameza kwa shida, akanywa maji, akamkazia macho.

"Yaani hii ndiyo ilinitoa kwangu?"

"Ndiyo."

"Siku nyingine nikikwambia haikuwa, utasema nini?"

"Nitasema haikuwa."

Lenah akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua mzigo bila kujua kama ameutua au ameubadilishia bega.

"Hizo nguo zangu ziko kwa Trizah. Beba beseni. Twende nyumbani nikalale."

Wepukhulu, fundi mzima mwenye ndevu, akajitwika beseni kichwani, leso zikining'inia masikioni, akashika njia ya Kibera. "Sori! Sori!" alikuwa akiwaambia watu wapishe. Nyuma yake Lenah alikuja mikono mitupu, polepole kama mtu aliye likizo, bado akichokoa nyuzi za firigisi kwenye meno.