Salamu za Manju Mageni

Waliokuwapo siku redio kaseti ya Ngassa iliponasa sauti ya manju Mageni ni hawa: Ngassa mwenyewe, aliyerudi nayo kutoka machimbo ya Geita, Bartholomeo, mpiga ngoma, Stanslaus, katekista, na Coletha, jirani. Nyamizi, mke wa Mageni, ambaye wote walimwita Mama Limi, hakuwapo. Alikuwa amekwenda Ngokolo kumuuguza dada yake.

Ilikuwa mwaka 1978, baada ya mavuno, mchana kweupe.

"Imba, manju," Ngassa alisema. "Kesho utaimba huku umelala."

"Nani yupo?" Mageni aliuliza. Ndivyo alivyoanza siku zote: aliwasalimu waliokuwapo kwa majina, mmoja mmoja, ndipo ngoma ikalia.

"Mtaje na Mama Limi," Coletha alimchokoza, "asije akanuna."

Mageni alikataa. Asiyekuwapo hatajwi, alisema. Ukimtaja umemwita, na akiitika hana budi kuja.

Mwaka uliofuata Mageni alikufa. Uwanja wa ngoma ukaota magugu, maana vijana wa Segese sasa walikuwa na redio zao za mkononi, na kila mmoja alisikiliza kwake. Ngassa alipopata redio mpya, ile ya zamani alimpa mjane, pamoja na kanda.

Nyamizi aliicheza kila siku. Binti yake Limi alikuwa ameolewa mbali, na hapakuwa na sauti nyingine mle ndani. Mageni aliwasalimu Ngassa, Bartholomeo, Stanslaus na Coletha. Kisha ngoma. Yeye aliyempikia na kumfulia hakutajwa. Kila mara alisubiri, na kila mara ngoma ilimkatiza.

"Nitaje na mimi, Baba Limi," aliinong'onezea redio.

Betri zilipochoka alizitoa akazianika kwenye ungo, kama wote walivyofanya, jua lizirudishie nguvu kidogo.

Jumatano moja asubuhi alikuwa uani akizigeuza. Coletha alikaa kando yake, akibangua karanga. Ndani, Mageni akaanza kusalimu.

Nyamizi alitazama ungo. Betri zote zilikuwapo.

"Coletha, umeiwasha?"

"Mimi nimekaa hapa nawe, Mama Limi."

Ngassa. Bartholomeo. Stanslaus. Coletha.

Ngoma haikulia.

Karanga zilimponyoka Coletha. Mle ndani mtu alivuta pumzi, taratibu, kama afanyavyo mwimbaji.

Nyamizi.

Coletha alimshika mkono. "Usiitike," alinong'ona. "Nakuomba, Mama Limi. Usiitike."

Mkono wa Nyamizi ulikuwa umetulia. Aliutoa polepole, akajifunga khanga vizuri, akatazama mlangoni.

"Abee," alisema.

Akaingia ndani. Ngoma ikalia.

Nyamizi alifariki Jumatano hiyo, kabla ya saa nne asubuhi, betri zikiwa bado kwenye ungo.