Shahidi wa Pili

Chai ya asubuhi hiyo haikuwa na ladha, na karani wa ghala la forodha akamlaumu mkewe.

"Mama watoto, umesahau sukari."

"Vijiko vitatu! Na mbona unanuka zabibu?"

Karani hakuwahi kuonja mvinyo wa maana, mshahara haukumruhusu. Alikuwa na daftari tu, lenye mivinyo kumi na miwili aliyoiota tangu ujana: wa zabibu zilizochumwa zikiwa zimeganda barafu, wa miteremko ya volkano, na juu kabisa, mwekundu wa mwaka aliozaliwa. Kazini alimwaga chupa za mvinyo wa magendo zilizokamatwa, mbele ya mashahidi wawili kama kanuni zinavyotaka. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili hakupatikana kamwe, watumishi ni wachache, basi kwa miaka tisa karani alimtilia sahihi mtu asiyekuwepo, mkia wa sahihi hiyo ukipinda kushoto.

Alipofungua daftari, mistari kumi na mmoja ilikuwa imekatwa. Kando ya kila mmoja: *Umeonjwa.* Sahihi ilipinda kushoto.

Mkewe akamleta mganga. Ubani ulifuka chumba kizima. Karani hakunusa kitu.

"Nani ameazima ulimi wa mtu huyu?" mganga akanong'ona.

Kinywa cha karani kikajibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Mtumishi mwenzake. Ameniajiri mwenyewe. Miaka tisa, sijapewa hata likizo."

Mganga akaanza kufunga mkoba. "Shemeji, mimi natoa pepo waliovamia. Huyu ana sahihi kwenye faili."

Jumatatu ililetwa chupa moja, nyekundu, ya mwaka ule aliozaliwa. Karani alifunga mlango, akaizibua, na kwa kuwa ulibaki mstari mmoja tu wa kuwa wake duniani, akainywa upesi upesi kabla hajatanguliwa, akingoja kinywani kitu chochote, hata uchachu, hata kutu, na hakikuja kitu, ila kutoka kwenye kiti kitupu cha shahidi wa pili mtu alimeza taratibu, akashusha pumzi.

Karani hakulia. Akajaza fomu. Sehemu ya shahidi wa pili ilikuwa na wino mbichi tayari, basi akatia sahihi yake mwenyewe, ya shahidi wa kwanza, akaitazama.

Mkia ulipinda kushoto.