Tela Lililoisukuma Pikapu

Mume na mke waliuza maji mtaani. Kila asubuhi mume alishusha madumu yaliyojaa kutoka kwenye pikapu, mke akapokea matupu. Mgongo wa mume ulichoka. Siku moja alikuta tela la tangi kwenye uwanja wa vifaa vikuukuu vya jeshi. Akalinunua bila kumuuliza mtu. Muuzaji alimwonyesha jinsi pikapu inavyolivuta pale uwanjani, mahali tambarare. Mume akarudi nalo nyumbani kifua mbele.

Mke aliuliza kama dude lile halilizidi gari lao. Mume alimjibu kuwa ana maneno mengi.

Safari ya kwanza walipanda wote, mtoto wao wa mwisho akiwa mapajani mwa mama. Tangi lilijaa pomoni. Walipoteremka kuelekea zahanati, mume alikanyaga breki. Gari halikusimama. Tela lilikuwa linawasukuma. Pikapu ikakaa upande, ikateleza, ikaingia kwenye lundo la mchanga. Mbele kidogo, wagonjwa walikuwa wanasubiri zamu yao.

Hakuna aliyeumia. Mke alishuka, akamgeukia mumewe kwa hasira.

"Ulitupakia humu bila kujua linasimamaje?"

Mume alisema breki zimechoka, atabadilisha. Mke hakutaka hata kumsikia. Alimpigia simu wifi yake, aliyeendesha malori ya jeshi mpaka akastaafu. Wifi alifika akimtania kaka yake kuwa tangu utoto anapenda vitu vinavyomshinda. Kisha akachuchumaa mbele ya tela, na utani ukaisha. Mipira miwili mirefu, kama ya kumwagilia maji, ilitoka kwenye tela na ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Nani kaifunga hii?"

"Muuzaji. Alisema haina kazi."

"Hii ndiyo breki ya tela, kaka. Lori la jeshi linapeleka upepo humu, na magurudumu ya tela yanashika. Pikapu yako haina upepo wa kuipa. Mzigo wote huu unazuiwa na breki zako ndogo."

"Mbona inalivuta vizuri?"

"Kuvuta ni rahisi. Kulizuia, je? Hili likiwa tupu tu limeshaizidi pikapu uzito. Ukitaka kuvuta kitu, angalia kwanza kitabu cha gari kinaruhusu uzito gani. Na tela zito lazima liwe na breki zinazofanya kazi."

Mke alimfuata muuzaji, akamsema mbele ya wateja wake. Yule bwana alidai yeye anauza chuma tu. Mke alirudi amefura.

Walikodi lori lenye breki za upepo, likalivuta tela hadi uani kwao. Wakaliinua juu ya matofali, wakalifungia bomba. Sasa majirani huja wenyewe kuteka, na mgongo wa mume umepumzika.

Juzi alikuja mtu na gari dogo, akataka kulinunua tela kwa bei nzuri. Mume alimwonyesha mipira, akamweleza yote. Mgeni alicheka, akasema ataendesha polepole. Ndani ya gari walikaa mkewe na watoto wawili.

"Yule mama anajua?" mume aliuliza.

"Mambo ya magari hayamhusu."

Mume alikunja uso. Akampita, akaenda hadi dirishani. Alimwamkia yule mama kwa heshima, akamweleza upya, toka mwanzo. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango, akashuka na watoto wake.