Pumzi Baada ya Nyota

Giza la Desemba kule Wrayshaw, kijiji cha milimani kaskazini mwa Uingereza, haliingii, linaanguka. Enid Broomhead alikuwa ameshawafungia kuku wake na kurudi jikoni kuchungulia nyama kwenye oveni, ndipo akaiona inhela ya mumewe, ile dawa anayoivuta kifua kikimbana, juu ya kizingiti cha dirisha, imesimama peke yake kama mgeni aliyekosea siku ya mwaliko.

Wilf alikuwa bado baa.

Hilo peke yake halikuwa la kushangaza. Kuanzia Novemba mpaka siku ya pili ya Krismasi, kila Jumapili mchana, kijiji kizima hujazana katika baa ya Mkia wa Mbweha kuimba nyimbo za Krismasi zisizojulikana katika kanisa lolote la Sheffield. Zamani ziliimbwa kanisani. Padri mmoja wa enzi za mababu alizifukuza kwa kosa la kuchangamka kupita kiasi, nazo hazikubisha. Zilivuka barabara, zikaingia baa, zikaagiza bia, na hazijatoka hadi leo. Miaka kadhaa nyuma halmashauri ilimtuma ofisa kuchunguza kama kuimba kule ni burudani inayohitaji kibali. Ofisa alikaa pembeni na glasi yake ya maji, akawasikiliza wazee wakiimba huku wamefumba macho, kisha akaandika kwamba hakuona mtu yeyote akiburudika. Kibali hakikuhitajika. Barua yake imetiwa fremu na kutundikwa chooni.

Kuimba kukiisha, wenye njaa huenda nyumbani na wenye kiu hubaki. Wilf alibaki. Na leo Enid alijua amebaki na nani.

Akavaa koti, akaitia inhela mfukoni, akatoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kukaa barabarani kama ng'ombe asiyetaka kupisha. Enid alitembea akishika ukuta wa mawe. Alisikia viatu vyake, maji ya mfereji, na mbali kule chini... sauti moja ya besi. Nene. Haina haraka.

Haikuwa ya Wilf.

Tatizo la Wrayshaw ni besi. Sauti ya kwanza wapo wa kumwaga, tena wapo na wanajisikia, lakini besi hufa na hawazaliwi wengine. Kwa hiyo mtu akiingia na besi nzuri haulizwi jina wala atokako. Hupewa kiti karibu na moto, hupewa bia, na huambiwa aje tena Jumapili. Mwizi mwenye besi nzuri angesaidiwa hata kubeba mzigo. Ndivyo mgeni yule alivyoingia, msimu wa mwaka juzi, katika koti refu la sufu lililokuwa na unyevu hata siku kavu. Wakamwita Besi, naye akaitika. Mambo yakaishia hapo.

Ila kwa Enid hayakuishia hapo.

Kule kila wimbo wa mtu mmoja una mwenyewe. Hakuna mwingine anayethubutu kuuanzisha, hata akiujua kuliko mwenyewe. Mwenye wimbo akizeeka huuachia mtu, mara moja tu maishani: huweka mkono mezani, humfundisha ubeti kwa ubeti, kisha husema mbele ya watu, uchukue, ni wako. Mtu wa nyumbani akiuomba kabla neno hilo halijatamkwa, mgeni hungoja. Huo ndio utaratibu, na haukuandikwa popote, ndiyo maana unafuatwa.

Mwaka juzi mzee Arnold Shirtcliffe, ambaye wanawe wako Australia na hawaimbi lolote, alimwachia Besi wimbo wake. Hakuyaona majira ya machipuo. Mwaka jana Clem Staniforth, kaka yake Enid, akamwachia wake. Clem alikufa kabla ya mwaka mpya, kitandani, bila ugonjwa. Daktari aliandika moyo, kwa kuwa fomu ilitaka aandike kitu.

Watu walisema wazee hufa. Enid naye alikuwa karibu kukubali, mpaka leo mchana.

Leo mchana Besi aliuimba wimbo wa Clem. Clem alikuwa na pafu moja tu, la pili alitolewa akiwa kijana, na kwa sababu hiyo alikuwa akivuta pumzi pasipostahili, baada ya neno "nyota", katikati kabisa ya mstari. Ilikuwa pumzi fupi yenye mkwaruzo, kama droo iliyovimba ikivutwa. Besi alipofika kwenye "nyota" akasimama hapohapo, akavuta.

Mkwaruzo ule ule.

Chumba kizima kilitabasamu. Enid alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameilaza pumzi ile kaburini kwa mikono yake, na sasa ilikuwa kifuani mwa mtu mwingine.

Baa ilikuwa karibu tupu. Beryl Gosney, mwenye baa, alikuwa anafuta glasi nyuma ya kaunta. Enid alimuuliza Wilf yuko wapi. Beryl alielekeza kidevu kwenye chumba cha nyuma.

"Amefungua shule leo. Yuko ubeti wa pili."

"Ubeti wa pili wa nini?"

"Wa wimbo wake, mwenzangu. Anampa Besi. Mbona umepauka hivyo?"

Nyimbo zile zina beti tatu.

Kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na moto mkubwa, na bado kulikuwa na baridi. Enid aliinusa kabla hajaihisi: sufu mbichi, na chini ya sufu maji ya maua yaliyokaa sana kwenye chombo, yale ya makaburini. Wilf alikuwa mezani, mkono wake umelala juu ya mbao, kiganja chini. Mbele yake alikaa mgeni. Glasi ya mgeni ilikuwa imejaa na povu lake liko palepale, kama lilivyomiminwa mchana.

Wilf aliimba mstari. Miaka ya kunoa visu kiwandani ilimwachia vumbi kifuani, kwa hiyo neno "mchungaji" hulikata vipande viwili, na katikati pumzi yake hupiga mluzi kama birika. Mgeni akaurudia mstari.

Akalikata neno. Mluzi ukalia.

"Umesikia hiyo?" Wilf alimwambia mkewe, amefurahi kama mtoto. "Hata makosa yangu anayashika."

Enid hakuwa anasikiliza. Alikuwa anakitazama kifua cha mgeni chini ya koti. Alingoja kiinuke.

Kilikuwa hakipandi.

Hakikupanda wala kushuka. Kilipanda mara moja tu, pale kwenye "mchungaji", kikatulia tena kama meza.

"Wilf," alisema kwa sauti ya chini. "Ubeti wa mwisho usimpe."

Wilf alimwomba asianze. Akamkumbusha kwamba hawana mtoto, kwamba wimbo ule ulikuwa wa babu yake, na kwamba hataki uzikwe naye kama saa ya mkononi. Huo ndio uliokuwa uchungu wake, na Enid aliujua tangu siku ya harusi.

Mgeni ndiye aliyesema, kwa mnong'ono. "Mzee humpa amtakaye, mama. Si ndivyo mlivyo huku?"

"Clem alikupa lini wake?"

"Alipokuwa tayari."

"Tayari kwa nini?"

Mgeni alitabasamu. Enid aliona kwamba hata kusema anasema kwa vipande vidogo, kama mtu anayetumia akiba ya mwenzake na hataki iishe.

Akageuka mlangoni, akamwita Beryl. Akamwita na Horace Dyson, mzee wa sauti ya tatu aliyekuwa anasinzia karibu na dirisha, ambaye kwa mambo ya utaratibu ndiye mahakama ya kijiji. Akamuuliza Horace mbele yao: mtu wa nyumbani akiuomba wimbo, mgeni hungoja au hangoji?

Horace alijikuna shingo. "Hungoja. Ila Enid, ule ni wimbo wa besi. Wewe ni sauti ya kwanza."

"Nitashuka."

"Utashuka mpaka wapi?" Wilf alicheka. "Kwenye stoo ya bia, chini ya nyumba?"

Kisha akauona uso wake. Walikuwa wameoana muda wa kutosha kwa Wilf kuujua uso ule. Aliuona mara moja tu kabla ya hapo, siku waliyomzika Clem. Kicheko kikamfia mdomoni. Hakuuliza. Aliuinua mkono, akaulaza upya mezani upande wa mkewe, akaanza ubeti wa kwanza.

Enid aliimba nyuma yake, chini, chini kabisa alikokuwa hajawahi kufika. Ubeti wa pili. Ubeti wa tatu. Moto ulilia. Mgeni hakusogea. Wakafika noti ya mwisho, ile ndefu, ambayo mwenye wimbo huishika mpaka aridhike na chumba kizima hungoja bila kukohoa.

"Uchukue," Wilf alisema. "Ni wako."

"Nimeupokea."

Kitu kiliingia kifuani mwake. Kidogo, cha baridi, kama funda la maji ya kisima.

Mgeni alisimama, akafunga vifungo vya koti, akampa Enid mkono kwa adabu kama mtu aliyeshindwa mnada. Akatoka, lakini hakuna aliyemwona akipita mbele ya dirisha. Beryl alikwenda kuimwaga bia yake na kurudi akisema povu halikushuka hata baada ya kumwagwa kwenye sinki.

Inhela ilibaki mfukoni mwa koti la Enid. Njiani kwenda nyumbani hakuna aliyeihitaji.

Wala kesho yake. Wala wiki ile yote. Wilf alipanda ngazi akipiga mbinja. Alipasua kuni. Zahanati ilikuwa imempa miadi ya Machi kukaguliwa kifua, kama atakuwa bado anacho, na Wilf akasema atakwenda tu ili awaaibishe. Enid alicheka naye. Alikuwa anachoka upesi siku hizo, lakini ni Krismasi, na kuna mwanamke gani asiyechoka Krismasi?

Alasiri ya Krismasi yenyewe Wilf alilala kwenye kiti mbele ya moto, tumbo limejaa bata, kofia ya karatasi ya sikukuu imemwangukia sikioni. Enid alikaa kando yake na chai. Nyumba ilikuwa kimya. Kimya sana. Miaka yote kile kifua kililia usingizini kama mlango usiotiwa mafuta. Sasa hakikulia.

Akaizuia pumzi yake kidogo, asikie vizuri.

Hakukuwa na kitu.

Akamgeukia. Kifua cha Wilf kilikuwa kimetulia. Midomo ilikuwa inaanza kupoteza rangi. Enid alishtuka, akahema kwa nguvu...

Na Wilf akahema.

Akatoa pumzi. Wilf akatoa. Akavuta taratibu, kwa makusudi, huku chai ikimwagika mapajani. Kifua cha Wilf kikapanda taratibu. Katikati, pumzi ya Enid ikapiga mluzi mdogo, kama birika.

Hakumwambia. Ungemwambiaje mtu jambo kama hilo, siku ya Krismasi, na kofia ya karatasi kichwani?

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuimba. Mkia wa Mbweha ulijaa mpaka chooni, watu wakiimba wamebanwa ukutani penye barua ya ofisa. Zilipobaki nyimbo chache wakaanza kugonga meza. Wa Wilf, walisema. Wa Enid sasa, wengine wakasahihisha, na Horace akatangaza kwamba mama ameshuka na leo tutaona kama kuna sakafu huko chini. Wilf alisimama kando yake, amenyooka, mashavu mekundu. Alijivuna. Wimbo wa babu yake haukufa.

Enid aliimba. Ubeti wa kwanza watu walikuwa bado wanatabasamu. Wa pili waliacha. Alipolikata "mchungaji" na mluzi ukalia, Beryl aliweka glasi chini, akamtazama kwa jicho ambalo Enid alilitambua vizuri. Ni lile ambalo yeye mwenyewe alimtazama nalo mgeni.

Kisha noti ya mwisho. Chumba kikanyamaza, kikangoja.

Aliishika. Pembeni ya jicho akayaona mashavu ya Wilf yakianza kufifia. Wilf mwenyewe alikuwa bado anatabasamu, hajui.

Akaiachia.

Mnong'ono ulipita chumbani. Noti ile haikuwahi kukatwa tangu wimbo uwe wimbo. Horace alitikisa kichwa kama hakimu. Wilf alimuuliza kwa upole amepatwa na nini. Enid akasema ni koo.

Walipokuwa wanatoka, mtu alisimama kando ya mlango na kuwapisha, glasi iliyojaa mkononi. Sufu mbichi. Maji ya maua. Wilf alimpungia mkono kwa uchangamfu, akapita. Mgeni aliinama kwa Enid, karibu na sikio, na maneno yake hayakuwa na joto lolote.

"Ukichoka kumbebea, mama... mimi nipo."

Nje theluji ilikuwa imeanza. Kutoka baa kwenda nyumbani ni mlima mtupu, na Wilf aliupanda mbele akizungumza, akisifia jioni, akipanga msimu ujao. Katikati ya njia alisimama akamngoja.

"Unahema kama treni, Enid. Tupumzike?"

"Hapana," Enid alisema. "Usisimame. Nenda tu."

Akavuta pumzi nyingine, ndefu, yenye mluzi. Mbele yake gizani akaliona koti la Wilf likitanuka mgongoni, kisha likinywea. Akahesabu ngapi zimebaki hadi mlangoni. Halafu akakumbuka kwamba baada ya mlango kuna usingizi, na usingizini hakuna wa kuhesabu.