Vidonge Vilivyoyeyuka Bila Maji

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono, akaketi kando ya shangazi yake, fundi cherehani. Waliompa jina hilo hawakumwonea: binti yule angeweza kuongea na ukuta mpaka ukuta ukaomba kupumzika. Likizo hii aliahidiwa jambo kubwa. Kwa mara ya kwanza angeshona gauni zima la mteja.

Siku hiyo shangazi alikuwa na mafua makali. Alifungua sanduku la nguo za sherehe, akatoa vifuko vya kitambaa. Miezi mingi nyuma, Chiriku alitumwa avijaze dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wanaotoboa nguo. Shangazi akabonyeza kifuko. Kitupu. Akabonyeza kingine. Kitupu.

"Wee Chiriku! Vidonge viko wapi?"

"Si vimo humo, shangazi?"

"Humo wapi? Bonyeza mwenyewe!"

Chiriku akabonyeza, akatikisa kifuko sikioni. Kimya. Lakini alikumbuka vizuri: alivitia, kisha akashona mdomo wa kila kifuko. Uzi wake ulikuwepo bado, haukukatwa. Mwizi gani huyo anayepenya kwenye mshono?

"Basi... vimeyeyuka," alisema.

"Vimeyeyuka!" Shangazi alipiga chafya, sindano zikaruka mezani na paka wa jirani akahama mtaa. "Kitu kikiyeyuka huacha majimaji. Yako wapi? Mbona kitambaa kikavu? Sema ulishona vifuko vitupu! Au mdogo wako amevila akidhani peremende? Ile ni sumu, ujue!"

"Haki ya Mungu niliviweka, shangazi!"

"Mwongo hashoni gauni la mteja wangu. Inuka hapo."

Chiriku akainuka. Je, aliota? Alivitia kweli, au alidhani tu amevitia? Kichwa kilimzunguka kama gurudumu la cherehani.

Hapo akaingia mteja, mwalimu wa sayansi, aliyefuata suti yake.

"Hodi! Lo, fundi, leo mmemwaga dawa ya nondo?"

"Imwagike wapi, mwalimu? Hakuna hata kidonge!"

"Pua yako iko likizo nini? Harufu imejaa mpaka mlangoni!"

Shangazi akavuta pumzi. Pua ilikuwa imeziba kabisa. Chiriku naye aliisikia harufu hiyo tangu sanduku lilipofunguliwa, ila hakudhani ni ushahidi. Akamsimulia mkasa wote, na mwalimu akacheka.

"Barafu ni yabisi, yaani kitu kigumu," alisema. "Ikiyeyuka inakuwa kimiminika, yaani maji. Maji yakipata joto yanageuka mvuke, nao ni gesi. Vidonge hivi havipiti kwenye umajimaji. Kidogo kidogo vinatoka kwenye yabisi moja kwa moja na kuwa gesi, na gesi hupenya kitambaa bila kukata uzi. Ndiyo harufu hii."

"Kwa hiyo vimeyeyuka au havikuyeyuka?" Chiriku aliuliza, bado amechanganyikiwa.

"Havikuyeyuka. Vimegeuka gesi. Sisi tumezoea kusema 'kayeyuka' hata kwa mtu aliyekwepa kuosha vyombo!"

Shangazi alimtazama Chiriku, akamshika bega.

"Nisamehe, mwanangu. Ulisema kweli kwa neno lisilo lake, nami nikakuita mwongo kabla ya kuuliza mwenye pua nzima. Tangu leo, wewe tafuta neno sahihi, nami nitachunguza kabla ya kulaumu. Na vidonge tuviweke mbali na mdogo wako." Akamsogezea kitambaa cha gauni. "Haya, keti. Ila ukiniambia tena kitu kimeyeyuka, nitakudai maji yake."