Daraja Lisiloinuka

"Samaki yuko jikoni," sauti ilisema simuni, kisha ikakata.

Shiori Kuramochi alirudisha simu mfukoni. Ujumbe ulikuwa wazi: meli ya silaha imeingia bandari ya Yokohama. Ni ipi, hakuna aliyejua. Ingejulikana tu ikilisogelea daraja la kuinuliwa la bandarini.

Na aliyepanga kuamuru daraja liinuliwe alikuwa mbele yake, akinywa chai.

Brekke. Alijiita mfanyabiashara wa mbao. Tangu micheri ilipochanua alikuwa akija kunyoosha matamshi ya Kijapani, asijue kuwa mwalimu wake ni jasusi. Begi lake halikuwahi kugusa sakafu.

Ndani mlikuwa na bastola, Beretta.

"Tena," Shiori alisema.

"Hashi o agero." Inua daraja.

"Hashi. Anzia juu, ushuke."

Brekke aliiga sauti kama kasuku. Simuni, mlinzi wa daraja asingemtofautisha na mkuu wake. Ndiyo maana Shiori alimpandikizia kosa. Hashi inayopanda ni daraja; inayoshuka ni vijiti vya kulia. Mlinzi alishaambiwa: ukisikia vijiti, usiinue.

Brekke akatoa kinasa sauti, akabonyeza. Sauti nzito ya mkuu wa daraja ikajaza chumba.

Hashi yake ilipanda.

Brekke akazima kinasa.

"Mwalimu, mbona huyu anapandisha?"

Mkono wake ulikuwa begini.

Shiori aliinua birika la moto, akamwongezea chai. Uso haukutikisika.

"Hapo kakasirika. Hasira hupandisha sauti. Nawe unataka kumgombeza nani?"

Brekke alimkazia macho. Kisha akacheka.

"Una ulimi wewe!"

Akapiga simu palepale. "Hashi o agero!"

"Sawa, Mkuu," mlinzi akajibu.

Brekke alisogea dirishani. Chini kule, meli moja chakavu ikang'oa nanga, ikaelekea darajani.

Daraja halikuinuka.

Boti za askari wa pwani zikachomoza pande zote mbili.

"Nyoka wewe!"

Bastola ilitoka. Birika la Shiori liliwahi zaidi. Maji ya moto yalimpata usoni, risasi ikatoboa dari, na goti la Shiori likamlaza Brekke chini. Pingu zikalia.

"Shiori!" sauti ya mkuu wake wa ujasusi ilikoroma redioni. "Uko hai?"

"Niko hai, Mkuu. Meli?"

"Tumeipata. Imesheheni makombora."

"Tuma watu wamchukue huyu. Na daktari wa macho."

Walipokwisha kumchukua, alivaa viatu mlangoni, akafunga kamba taratibu. Barabarani wafanyakazi walikuwa wakimiminika kituoni. Akaingia katikati yao.

Hakuna aliyegeuka kumtazama.