Mwanamke wa Mlangoni

Phelesia Akoth alikuwa ameinamia rundo la zipu katika soko la Homa Bay, akitafuta nyekundu ya kuendana na gauni la msimamizi wa arusi mmoja asiyejua kungoja, aliposikia sauti iliyomkausha mate mdomoni.

Sauti ilitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya tuktuk.

"Watu wa Homa Bay! Kesho Jumapili, saa tisa alasiri, pale ukumbini nyuma ya soko! Koti la Marehemu! Ile sinema ya zamani ya Waitaliano, ya kisasi! Bastola moja, risasi sita, wanaokufa kumi na wawili. Msiniulize hesabu, mimi ni mtafsiri tu!"

Wauza omena, dagaa wa ziwani, waliangua kicheko. Phelesia hakucheka. Sauti ile aliijua tangu haijaingia mikwaruzo, enzi alipokuwa akiisikia karibu kabisa na sikio lake, kule Migori, ikimwambia mambo yasiyohitaji spika.

Angebaki ameinama tu, ile tuktuk ingepita. Lakini moyo haufundishwi adabu. Aliinua kichwa, na hilo ndilo lililomponza. Zadock Okari alikuwa amekwisha kumwona. Alishuka akiwa amevaa koti refu jeusi lililomfika vifundoni, katika joto lile la ziwani ambalo hata mbuzi walikuwa wamelikimbia. Alikuwa ameongeza mwili, na mvi mbili tatu zilikuwa zimeingia ndevuni bila hodi. Macho yalikuwa yale yale ya kuomba msamaha kabla hajakosa.

"Nyar Karungu!" alisema, akimwita binti wa Karungu kama zamani, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, soko zima lilisikia. Akakizima haraka kama aliyeungua.

"Utakufa na hiyo koti," Phelesia akamwambia.

"Ni ya kazi."

"Kazi gani ya kumchemsha mtu akiwa hai?"

"Aki wewe! Bado una mdomo."

"Ulitaka niuache wapi?"

Zadock alicheka, akamtazama kwa wizi: gauni la kitenge cha samawati alilojishonea mwenyewe, futi ya fundi ikining'inia shingoni, nywele zimesukwa mistari myembamba. "Umependeza," alisema, na hapo sauti haikuwa ya mtangazaji.

Phelesia alikusudia kujibu neno la kuuma. Badala yake likamtoka lingine. "Farasi wa ile sinema bado anabadilika rangi?"

"Bado. Anaenda mweusi, anarudi wa kahawia. Na yule jambazi bado amevaa saa ya mkononi."

"Na dhahabu?"

"Bado ni mbao imepakwa rangi."

Kidogo acheke. Kicheko kilifika kooni, kikakutana na jambo la zamani lililokuwa limekaa hapo miaka yote, kikarudi. "Nina kazi, Zadock," alisema, akaondoka bila zipu.

Kumbukumbu haina mlango wa kufunga. Njia nzima hadi dukani kwake alikuwa Migori, katika lile banda la mabati la Mzee Mogire lililokuwa ukumbi wa video. Mabenchi yalikuwa ya mbao mbichi, jenereta ilinguruma nje, na sakafu ilijaa maganda ya njugu. Mogire alikuwa Msabato wa kweli: Jumamosi, siku ambayo angepata wateja wengi kuliko zote, alifunga kufuli akaenda kanisani. Siku nyingine wachimba dhahabu wa Macalder walikuja na miguu yao ya vumbi jekundu, wakulima wa tumbaku walikuja kutoka Kehancha, na wote walimjia Zadock. Kijana yule alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akatafsiri sinema za kila taifa kwa Kiswahili, akitia Kijaluo hapa na Kikisii pale. Alikuwa shujaa, jambazi, padri na farasi, mtu mmoja.

Iliyopendwa kupita zote ni Koti la Marehemu. Tuseme ukweli, ilikuwa sinema ya watu walioitengeneza wakiwa na mifuko mitupu. Mwamba mmoja ulipitwa mara nne kana kwamba nchi nzima ya jangwa ilikuwa na mwamba huo tu. Midomo ilimaliza kusema, maneno yakafuata baadaye. Majambazi waliouawa mwanzoni walifufuka wakiwa na masharubu. Dhahabu ilipofunuliwa wachimbaji wa Macalder walizomea mpaka mabati yakatetemeka.

Lakini ilikuwa na kitu. Ule mluzi wake ulikufuata hadi nyumbani ukalala nawe. Macho ya yule mwanamume aliyevaa koti la ndugu yake aliyeuawa, lenye tundu la risasi kifuani, yalijaa skrini nzima na wachimbaji wale wale wakanyamaza kimya. Na akishamuua adui wa mwisho, hashangilii. Anaketi kwenye ngazi ya baa, mikono mapajani, hana tena pa kwenda. Phelesia alikuwa akilia hapo kila mara, na Zadock akimwona analia alikuwa akikosea kutafsiri.

Kisha huja sehemu ya mwisho. Mwanamume anapita na farasi wake wa rangi ngeni mbele ya nyumba ya mjane aliyempa maji mwanzoni. Mjane anasimama mlangoni, anafungua mdomo, anasema. Sauti haipo. Kuna mluzi tu, halafu picha inaganda mdomo wake ukiwa wazi. Zadock alikuwa akisema Waitaliano waliishiwa pesa kabla ya kumlipa wa kumtilia sauti. Basi kila siku yeye ndiye aliyempa maneno mwanamke wa mlangoni, na kila siku yalikuwa mapya.

Jioni moja, kando ya daraja la mto Migori, Phelesia, wakati huo msichana anayejifunza ushonaji, alimwambia Zadock neno alilolibeba wiki nzima. "Mimi sina kitu, na mama yangu hana kitu. Lakini ukinichukua, sitakuaibisha." Zadock hakujibu, alimshika mkono tu, mpaka giza likaingia.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mjane akasimama mlangoni, akafungua mdomo, na Zadock, kwa sauti nyembamba ya kike, akasema: "Mimi sina kitu, na mama yangu hana kitu. Lakini ukinichukua, sitakuaibisha."

Watu walipasuka kwa kicheko. Mmoja alipaza sauti, "Mchukue basi, anajiuza bei ya chini!" Kwa muda mrefu baadaye vijana wa Migori walimwimbia kila msichana aliyepita, "Sitakuaibisha!" Hakuna aliyejua maneno yalitoka wapi, ila msichana mmoja wa benchi la tatu. Kabla wiki haijaisha alikuwa kwa shangazi yake Homa Bay, na laini ya simu ameitupa.

Jioni ya siku ile ya soko simu ikalia. Namba ngeni.

"Usikate," ilisema sauti.

"Nani amekupa namba yangu?"

"Mtu wa Mungu."

Phelesia aligeuka. Mong'ina, fundi mwenzake, Mkisii kama Zadock, alikuwa ghafla ameishughulikia cherehani kana kwamba kuna mtu anayesubiri sanda. "Wewe! Kwani ni ndugu yako?"

"Wakisii wote ni ndugu," Mong'ina akajibu bila kuinua macho.

"Phele," simu iliendelea, "nilikuja kukutafuta wakati ule. Shangazi yako alinitoa kwa mwiko."

"Alifanya vizuri."

"Ule mwiko ulikuwa na ugali wa moto."

"Afadhali." Alijiuma mdomo asicheke. "Sema unalotaka kusema."

Zadock alivuta pumzi. "Yule mwanamke hakuwa na maneno. Siku ile nilisimama pale nikatafuta ndani yangu kitu kizuri cha kumpa, na kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo ni kile ulichoniambia darajani. Sikukucheka, Phele. Sikuwahi kusikia neno zuri kama lile. Nilidhani na wao watanyamaza kama nilivyonyamaza mimi."

Phelesia alikaa kitini. Miaka yote aliamini alichezewa. Hakuwahi kufikiri kwamba aliibiwa kwa kupendwa. Lakini kidonda ni kidonda hata kama kisu kilikuwa safi.

"Kilikuwa chako hicho kitu?" aliuliza.

"La."

"Kilikuwa changu. Nilikupa wewe. Sikuwapa wachimbaji wa Macalder."

"Najua. Njoo kesho uone mwisho."

"Mwisho naujua," alisema, akakata. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa msichana, na jambo hilo lilimkasirisha zaidi.

Jumapili alijipamba kuliko bibi arusi. Alivaa gauni la kijani kibichi la mikono mipana, hereni za shaba, na kiatu cha kisigino alichokuwa akikitunza kwa siku isiyojulikana.

"Huko unaenda kusamehe ama kuua?" Mong'ina aliuliza.

"Akifika kwa mwanamke wa mlangoni, nitasimama. Nitawaambia watu wote yale maneno aliyaiba kwa nani. Na yeye ajue vile kuchekwa kunauma."

"Na ukishamaliza?"

"Narudi nyumbani."

"Kukaa kwa ngazi kama yule wa koti," Mong'ina akasema, akakata uzi kwa meno. Phelesia alijifanya hakusikia.

Ukumbi ulijaa watu wazima waliokuja kuutafuta ujana wao. Zadock alikuwa mbele kando ya skrini, ndani ya koti lake, anatiririka jasho, na alikuwa hodari kuliko zamani. Jambazi alipokufa mara ya pili alisema, "Huyu tulimzika, nadhani ni pacha." Mwamba ulipopita mara ya nne aliusalimia kwa jina. Watu walilia kwa kicheko. Kisha macho yale yalipojaa skrini, Zadock alishusha sauti hadi ikawa mnong'ono, na Phelesia akajikuta ameshika benchi kwa mikono miwili. Mwanamume alimuua adui wa mwisho, akaketi kwenye ngazi. Chozi likamtoka Phelesia bila ruhusa yake.

Farasi wa kahawia akatokea. Mjane akasimama mlangoni. Phelesia akainuka, maneno ya kumuumbua mtu yakiwa tayari ulimini.

Zadock akashusha kipaza sauti, akanyamaza.

Mluzi uliendelea peke yake. Mtu wa nyuma alipiga kelele, "Tafsiri!" Zadock hakutikisika. Phelesia alisikia kikohozi, akageuka. Aliyekuwa ameketi nyuma yake alikuwa Mzee Mogire mwenyewe, amekonda, mkongojo katikati ya magoti.

"Keti, mwanangu," mzee alinong'ona. "Hapa haongei. Tangu ulipoondoka Migori hajamsemea tena huyu mama. Walinidai pesa zao, wateja wengine wakahama, nilimfokea mpaka nikachoka. Aliniambia neno moja tu: hapo maneno yana mwenyewe."

Phelesia hakuketi. Kisasi chote alichokuja nacho kilimwagika chini, na alipotafuta kingine cha kushika hakukiona. Alijua tu kwamba akigeuka sasa kurudi nyumbani, atakuwa amejiketisha mwenyewe kwenye ile ngazi, maisha yake yote yaliyobaki.

Alitembea mbele. Visigino vililia sakafuni, watu wakageuza shingo. Picha ilikuwa imeganda: mwanamke, mlango, mdomo wazi. Phelesia alinyoosha mkono. Zadock alimtazama, akampa kipaza sauti.

"Wewe," Phelesia alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Ulienda na farasi mweusi, umerudi na wa kahawia. Mimi nitajuaje ni wewe?"

Ukumbi ulilipuka. Walicheka wakapiga mabenchi, na Phelesia akashangaa kuona kwamba kicheko hiki hakikumchoma, kwa sababu alikuwa amekitoa mwenyewe kwa mkono wake. Alingoja kipungue.

"Umeua watu wote. Umepata nini? Jua limekukausha, na hiyo koti ina tundu, tena ni ya marehemu." Hapo hakuwa akitazama skrini tena. "Nimesimama hapa mlangoni mpaka miguu imechoka. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo, lakini chai iko. Vua hiyo koti. Shuka."

Kicheko kilikatika. Mama mmoja alisema polepole, "Shuka, baba," na wengine wakamfuata, "Shuka! Shuka!" hata ukumbi mzima ukawa unamsihi mtu aliyeganda juu ya farasi tangu walipokuwa vijana.

Zadock alifungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Aliliacha likaanguka sakafuni. Shati lake lilikuwa limelowa chapachapa, na bila koti alionekana mdogo, mtu wa kawaida. Akasogea karibu. Akaweka mkono juu ya kile kipaza sauti alichokishika Phelesia, akatafuta swichi kwa kidole gumba, akakizima.

"Sina kitu, Phele," alisema, chini kabisa, sikioni pake. "Lakini ukinichukua, sitakuaibisha."

Phelesia alimshika mkono, kama vile alivyoshikwa yeye siku ile darajani.

"Amesema nini?" watu wa nyuma walilalamika. "Sauti! Hatusikii!"

Phelesia aliwageukia, machozi mashavuni. "Hayo si yenu," aliwaambia. "Nendeni nyumbani."